INJINI NDOGO YENYE NGUVU KUBWA: UWEZO NA UPUNGUFU WA KISWAHILI CHA GEREJI KATIKA KUIELEZA

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi injini ya petroli iliyo ndogo na nyepesi inavyoweza kutoa nguvu kubwa, kama ilivyo katika magari ya mashindano. Maelezo hayo yanatolewa kwa kutumia msamiati ambao mafundi wa Kiswahili wanao tayari. Mazingira yanayorejelewa ni miteremko ya Kilimanjaro, hasa Tarakea, ambako mwinuko wa ardhi huathiri utendaji wa injini kwa namna inayoonekana. Makala yanaonyesha kwamba Kiswahili cha gereji kinatosheleza kueleza sehemu kubwa ya nadharia ya injini, na kwamba sitiari yake kuu, ile ya injini kama kiumbe kinachopumua, ni sahihi kisayansi. Hata hivyo, yapo maneno mawili, nguvu na kunoki, ambayo hubeba dhana zaidi ya moja kwa wakati mmoja na hivyo huleta makosa yenye gharama. Mapendekezo yanatolewa kuhusu namna ya kuzitenganisha dhana hizo.

1.0 Utangulizi

Mji wa Tarakea, katika Wilaya ya Rombo, uko kwenye miteremko ya mashariki ya Mlima Kilimanjaro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Ng'ambo ya mpaka ni Loitokitok. Atokaye Moshi kwa gari hupita Himo, akapanda Marangu, kisha akaizunguka kingo ya mlima kupitia Mkuu hadi kufika huko. Mji wa Moshi uko kati ya mita 700 na 950 juu ya usawa wa bahari, ilhali Tarakea iko zaidi ya mita 1,500. Katika safari hiyo moja injini huulizwa maswali yote ambayo mhandisi angependa kuiuliza: kupanda, kushuka, kona, mzigo, na hewa inayozidi kuwa nyepesi kila gari linapopanda.

Mahali kama hapa pana mafundi. Baadhi yao wamepita vyuo vya ufundi. Wengi wamejifunza kwa kukaa na fundi mkubwa, wakimpa spana na kumtazama. Katika Tanzania karakana za aina hii, zisizo na kibao wala leseni, huitwa gereji bubu. Nchini Kenya kazi kama hizo huitwa za jua kali. Jina la Kenya linataja jua analofanyia fundi kazi, na jina la Tanzania linadai kwamba gereji yake haisemi. Dai hilo la pili ndilo linalostahili kuchunguzwa na wanaisimu, kwa sababu gereji bubu ni miongoni mwa mahali ambapo Kiswahili cha sayansi husemwa kwa wingi kuliko mahali pengine popote.

Kwa muda mrefu swali la kama Kiswahili kinaweza kubeba elimu ya sayansi na ufundi limejibiwa kutoka juu. Wanaistilahi wameunda maneno, kamusi zimechapishwa, miongoni mwake Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990, na maneno yakangoja watumiaji. Makala haya yanaanzia upande wa pili. Yanachukua kitu kimoja kigumu kiasi, yaani injini ya gari la mashindano, na kujaribu kukieleza kikamilifu kwa lugha ya fundi. Pale ambapo lugha hiyo inafaulu, hapana haja ya kuunda neno jipya. Pale inaposhindwa, sababu ya kushindwa itakuwa imejulikana.

2.0 Msamiati wa gereji

Majina ya sehemu za injini katika Kiswahili yametoka Kiingereza kwa kiasi kikubwa, nayo yamefuata kanuni za kawaida za utohozi. Neno hupewa irabu mwishoni na matamshi yake hulainishwa: silinda, pistoni, ringi, plagi, krenki, kamshafti, kabureta, rejeta, gasketi, bloku. Maneno haya huingia katika ngeli ya I-/ZI-, ingawa mafundi wengi huongeza kiambishi cha wingi ma- wanapotaja vitu kadhaa kwa pamoja, wakasema maplagi na mapistoni. Neno valvu husikika gereji, ilhali vitabu vya sayansi huandika vali, kama katika vali za moyo. Tofauti hiyo ni ya umbo tu, na haimpotezi mtu.

Jambo lenye uzito zaidi ni vitenzi. Ni nadra fundi kutohoa kitenzi ikiwa Kiswahili kina cha kwake. Gari huwashwa na kuzimwa kama taa au moto. Injini hula mafuta, na ikichakaa hula oili. Hukohoa asubuhi kwenye baridi. Ikikosa maji huchemsha. Hupumua, huvuta, huchoka, na mwishowe hufa. Kwa ufupi, majina ya viungo ni ya kigeni lakini maisha ya kiumbe chenyewe ni ya Kiswahili. Mgawanyo huu unafaa kuzingatiwa, kwa maana nadharia ya kitu chochote hukaa zaidi katika vitenzi vyake kuliko katika majina yake. Kujua jina la pistoni hakumfundishi mtu lolote kuhusu pistoni inafanya nini.

3.0 Injini inavyopumua

Injini ya petroli ya kawaida hufanya kazi kwa hatua nne. Katika hatua ya kwanza pistoni hushuka, valvu ya kuingizia hufunguka, na silinda huvuta hewa iliyochanganyika na petroli. Katika hatua ya pili valvu zote hufungwa na pistoni hupanda, ikiugandamiza mchanganyiko huo. Katika hatua ya tatu plagi hutoa cheche, mchanganyiko huwaka, na gesi yenye joto huisukuma pistoni chini kwa nguvu. Katika hatua ya nne valvu ya kutolea hufunguka, na pistoni inayopanda huusukuma moshi nje. Krenki hugeuza mwendo wa kupanda na kushuka kuwa mzunguko. Hatua zote nne hukamilika katika mizunguko miwili ya krenki, na ni hatua moja tu, ile ya tatu, inayozalisha kazi. Nyingine tatu ni maandalizi na usafi.

Hapa ndipo sitiari ya kupumua inapoonyesha thamani yake. Mtu asiye fundi hudhani kwamba nguvu ya injini inatokana na petroli, na kwamba anayetaka nguvu zaidi hana budi kumwaga petroli zaidi. Ukweli ni kwamba petroli haina matata kuiingiza. Kigumu ni hewa. Ili kilo 1 ya petroli iungue barabara huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa. Kwa hiyo kikomo cha nguvu ya injini ni uwezo wake wa kuvuta hewa na kuitoa. Fundi anaposema kwamba injini fulani haipumui vizuri, kwa sababu kichujio kimejaa vumbi au bomba la moshi limeziba, amesema jambo ambalo mhandisi angelitamka kwa milinganyo. Sitiari hii si pambo la lugha, ni nadharia.

4.0 Njia za kupata nguvu pasipo ukubwa

Ikiwa nguvu ni hewa, zipo njia tatu za kuongeza hewa inayopita katika injini kwa kila sekunde. Ya kwanza ni kuipanua injini ili ivute hewa nyingi kwa mara moja. Ya pili ni kuizungusha haraka ili ivute mara nyingi zaidi. Ya tatu ni kuisukumia hewa kwa pampu. Njia ya kwanza huongeza uzito, na gari la mashindano hukimbia uzito kama mwizi anavyokimbia nuru, kwani uzito huchelewesha gari katika kuondoka, kupanda, kufunga breki na kukata kona. Kwa sababu hiyo waundaji wa injini za magari mepesi wamezitegemea zaidi njia ya pili na ya tatu.

Mantiki ya njia ya pili si ngeni kwa mkazi wa Kilimanjaro. Katika mifongo, yaani mifereji ya asili inayoteremsha maji mlimani hadi mashambani, kiasi cha maji kinachofika shambani hakitegemei upana wa mfereji peke yake. Mfereji mwembamba wenye maji yaendayo kasi huweza kunywesha migomba mingi sawa na mfereji mpana ambao maji yake hutambaa. Injini ya kasi ni mfereji mwembamba wenye maji ya mbio.

Mfano mzuri ni injini ya BDA iliyoundwa na kampuni ya Cosworth ya Uingereza, ambayo waasisi wake, Mike Costin na Keith Duckworth, waliianzisha mwaka 1958. Injini hiyo ilitiwa katika gari dogo la Ford Escort RS1600 lililotoka mwaka 1970. Bloku yake ya chuma ilikuwa ya injini ya kawaida ya Ford yenye ujazo wa lita 1.6, ambayo katika magari ya familia ilitoa nguvu isiyofika farasi 100. Cosworth iliiacha bloku ilivyo kimsingi, ikaunda upya silinda hedi. Matokeo yake yalikuwa karibu nguvu farasi 120 katika gari la kuuzwa dukani, na zaidi sana katika injini zilizotayarishwa kwa mashindano. Siri ya ongezeko hilo inaweza kuelezwa kwa hoja nne.

(i) Valvu nne kwa kila silinda. Injini ya kawaida ya wakati huo ilikuwa na valvu mbili, moja ya kuingizia na moja ya kutolea. BDA ilikuwa na mbili za kuingizia na mbili za kutolea, jumla valvu 16. Juu ya duara la silinda, matundu manne madogo huenea vizuri zaidi kuliko matundu mawili makubwa, kwa hiyo njia ya hewa hupanuka. Aidha, kila valvu huwa nyepesi, na kitu chepesi huweza kufunguka na kufunga haraka bila kuchelewa wala kurukaruka. Tena plagi hupata nafasi ya kukaa katikati kabisa, hivyo moto husafiri umbali mfupi hadi kila upande.

(ii) Kamshafti mbili juu ya silinda hedi. Katika injini ya kawaida kamshafti ilikaa ubavuni mwa bloku, ikazisukuma valvu kupitia vijiti virefu. Vijiti hivyo vina uzito na hupinda kidogo kasi inapozidi. Kamshafti zikiwekwa juu, karibu na valvu zenyewe, vijiti huondolewa. BDA iliziendesha kamshafti zake kwa mkanda wa mpira wenye meno. Herufi mbili za mwanzo za jina lake zinautaja mkanda huo. Ndio uleule ambao mafundi wa leo huuita taimingi belti.

(iii) Silinda pana na mwendo mfupi. Kipenyo cha silinda kilikuwa karibu milimita 81, na mwendo wa pistoni karibu milimita 77.6. Mwendo mfupi hupunguza kasi ya pistoni yenyewe. Hata hivyo, injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, pistoni hiyo hupanda na kushuka kwa wastani wa mita 23 kwa sekunde, na katika kila silinda cheche hutoka mara 75 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo injini ya lita 1.6 huhitaji kupitisha karibu lita 120 za hewa kila sekunde. Anayeifikiria hesabu hii huelewa mara moja kwa nini silinda hedi ndiyo iliyoundwa upya na si bloku.

(iv) Mgandamizo mkubwa. Mchanganyiko uligandamizwa kufikia sehemu moja ya kumi ya ujazo wake wa awali. Kadiri mgandamizo unavyokuwa mkubwa ndivyo joto la petroli linavyogeuzwa kazi zaidi, badala ya kutoka bure kupitia ekzosi. Lakini faida hii ina sharti, ambalo litajadiliwa katika sehemu ya 6.0.

Kuhusu wepesi, hatua iliyofuata ilikuwa kuacha bloku ya chuma na kutumia ya aluminiamu, ambayo ilianza kutumika katika injini hizo mwaka 1972. Aluminiamu ina uzito wa chini ya nusu ya chuma cha kusubu kwa ujazo uleule, na hupitisha joto vizuri zaidi. Upungufu wake ni kwamba si imara kama chuma, na kuta za silinda huhitaji kuvishwa ngozi ngumu zaidi. Gari likichemsha, silinda hedi ya aluminiamu hupinda upesi kuliko ya chuma. Mafundi wengi wanaijua hasara hiyo hata kama hawajapata kuliona gari la mashindano.

5.0 Neno "nguvu" na mtihani wa mlima

Mwaka 1972 mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki, yaliyokuwa yameanzishwa mwaka 1953 na kupita Kenya, Uganda na Tanganyika, yalianzia Dar es Salaam. Mshindi alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, akiwa na msomaji ramani wake Gunnar Palm, katika Escort RS1600 yenye injini ya BDA. Mikkola alikuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuyashinda mashindano hayo. Kabla yake, mwaka 1971, na baada yake, mwaka 1973, ushindi ulikwenda kwa Datsun 240Z, gari lenye injini ya silinda sita ya lita 2.4, iliyo kubwa zaidi na isiyohitaji kuzungushwa kwa kasi kiasi hicho. Injini za aina mbili tofauti zilishinda katika barabara za eneo lilelile kwa njia tofauti, na lugha ina wajibu wa kuweza kuieleza tofauti hiyo.

Hapa ndipo neno nguvu linapoelemewa. Katika gereji, injini ya lori inayopandisha shehena ya saruji kutoka Himo hadi Marangu ina nguvu. Injini ya gari la mashindano nayo ina nguvu. Kwa kipimo cha nguvu farasi huenda hiyo ya pili ikawa sawa na ya kwanza au kuizidi. Lakini ikiwa ya pili itafungwa katika lori na kutakiwa kuanza kupanda kutoka kusimama, itazimika. Je, nguvu yake imekwenda wapi?

Jibu ni kwamba yapo mambo mawili. La kwanza ni kani ambayo krenki huzungukia, yaani ukali wa msukumo wake katika mzunguko mmoja. La pili ni kiasi cha kazi kinachofanyika kwa kila sekunde, ambacho ni zao la kani hiyo na kasi ya mzunguko. Injini ya lori ina kani kubwa katika kasi ndogo. Injini ndogo ya mashindano ina kani ya wastani, ila huizidisha kwa mizunguko mingi, na ikizungushwa polepole hubaki na kani yake ndogo tu. Ndiyo sababu dereva wa gari kama hilo hana budi kubadilisha gia mara kwa mara ili injini isishuke katika kasi ambayo haina msaada.

Fundi huijua tofauti hii mikononi mwake, na mara nyingine huitamka: husema gari hili linavuta, lile lina mbio. Hata hivyo, linapokuja swali la kununua injini iliyotumika, au la kumshauri mwenye gari la abiria abadilishe injini, neno linalorudi ni nguvu, na kipimo kinachotajwa ni ujazo au nguvu farasi. Mwenye gari hulipa, injini hufungwa, na gari lenye sifa nyingi kwenye karatasi hupanda mlima kwa gia ya kwanza. Kosa hilo si la ufundi. Ni la istilahi.

Mwinuko nao huongeza ugumu. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 10. Injini iliyotoa nguvu farasi 120 pwani, ikifikishwa mwinuko wa mita 1,500, hubakiwa na takribani 103, hata kama haina kasoro yoyote. Aidha, kabureta iliyorekebishwa Dar es Salaam huendelea kutoa petroli kwa wingi kuliko hewa nyembamba inavyoweza kuunguza. Dalili zake ni moshi mweusi, plagi zenye masizi, na mafuta kuliwa zaidi. Injini za kisasa zenye kompyuta hujirekebisha katika hilo, lakini hata kompyuta haiwezi kuiumba hewa ambayo haipo. Kinachoweza kuiongeza ni pampu, na hiyo ndiyo njia ya tatu iliyotajwa. Turbo huzungushwa na moshi unaotoka, ikaishindilia hewa ndani ya silinda. Toyota Celica yenye injini ya turbo ya lita 2.1 ilishinda Safari mwaka 1984, 1985 na 1986, wakati mashindano hayo yalikuwa yakifanyika Kenya peke yake, katika nyanda zenye mwinuko ambako injini zisizo na turbo hukosa pumzi.

6.0 Neno "kunoki" na gharama yake

Neno la pili lenye matata ni kunoki. Fundi wa Tanzania akisema injini imenoki, kwa kawaida humaanisha kwamba beringi za krenki au za konrodi zimekwisha, chuma kinagonga chuma, na injini imekufa au iko mahututi. Lakini neno hilohilo katika asili yake, na katika vitabu vya injini, hutaja pia jambo jingine kabisa. Baada ya cheche kutoka, moto unapaswa kuenea kwa utaratibu kutoka kwenye plagi. Ikiwa joto na kanieneo vimezidi kiwango kinachostahimiliwa na petroli, sehemu ya mchanganyiko iliyo mbali na plagi hulipuka yenyewe pasipo kuungoja moto uifikie. Mlio wake ni kama wa njugu zinazotikiswa ndani ya kopo, na husikika hasa gari linapopanda mlima likiwa na mzigo.

Maana hizi mbili zina uhusiano, ila si kitu kimoja. Ya pili ni dalili inayoweza kutibiwa siku hiyohiyo kwa kurekebisha taimingi au kubadilisha petroli. Isipotibiwa, mapigo yake hutoboa pistoni, huvunja ringi na kuharibu beringi, na ndipo maana ya kwanza inapotimia. Mwenye gari anayeambiwa kwamba injini yake inanoki huenda akakata tamaa na kuiuza kama chuma chakavu, ilhali tiba ingekuwa ndogo. Mwingine aliyezoea kwamba kunoki ni kufa huusikia mlio wa njugu, akaona injini bado inakwenda, akaendelea kupanda hadi ikafa kweli.

Injini ndogo yenye nguvu kubwa ndiyo inayoadhibiwa zaidi na jambo hili, kwa kuwa ina mgandamizo mkubwa. Ubora wa petroli unaohusika hapa hupimwa kwa okteni, yaani uwezo wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka yenyewe. Mafuta ya taa yana okteni ndogo sana, na petroli iliyochanganywa nayo hupoteza ustahimilivu huo. Uchanganyaji wa mafuta ulikuwa tatizo kubwa kiasi kwamba mwaka 2010 EWURA ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba katika mafuta ili kuugundua. Ni dhahiri kwamba neno mafuta lenyewe, linalokusanya petroli, dizeli, mafuta ya taa na hata ya kupikia, halimsaidii mnunuzi kuiona hatari hiyo. Asemaye "nitilie mafuta" ameuacha uchaguzi mikononi mwa mwingine. Kwa upande mmoja, hewa nyembamba ya milimani huipunguzia injini hatari hii kidogo, kwa kuwa kanieneo ndani ya silinda hushuka. Dereva aliyezoea petroli duni huku juu bila kusikia mlio huenda akausikia kwa mara ya kwanza anapoteremka kwenda Tanga.

7.0 Fundi kama mwanaistilahi

Ushahidi kwamba elimu ya gereji inaweza kusimama mbele ya elimu ya kiwandani upo katika historia ya Safari yenyewe. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho, Kenya, mwaka 1932, alijifunza ufundi katika karakana ya baba yake kabla ya kujulikana kwa udereva. Alishinda mwaka 1965 kwa Volvo, kisha mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer yenye injini ya lita 1.6. Katika ushindi wa mwaka 1974 aliliacha nafasi ya pili gari la Porsche 911 la Björn Waldegård, lililokuwa na injini kubwa na sifa kubwa zaidi. Umahiri wa kujua ni kiasi gani injini ndogo inaweza kuombwa, na wakati gani iachwe ipumue, ulikuwa sehemu ya ushindi huo.

Elimu ya namna hiyo huhitaji lugha ili irithishwe. Kijana wa Tarakea aliyesoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, akaingia gereji, hukutana na miongozo ya matengenezo iliyoandikwa kwa Kiingereza, au kwa Kijapani ikiwa gari limeagizwa likiwa limetumika. Aendeleapo na sekondari hufundishwa fizikia kwa Kiingereza. Yale anayoyajua kwa mikono na kwa Kiswahili hayana karatasi ya kuandikiwa. Si kwamba hana nadharia; ana nadharia isiyotambuliwa, na yenye nyufa mbili tatu ambazo hakuna aliyemsaidia kuziziba.

Kwa kuzingatia hayo, makala yanapendekeza yafuatayo.

(i) Majina ya viungo vya injini yaachwe kama mafundi wanavyoyatamka, na kamusi ziyapokee. Kuunda jina jipya la pistoni au la krenki ni kupoteza nguvu mahali ambapo hapana haja.

(ii) Vitenzi vya gereji, hasa kupumua, kuvuta, kula na kuchemsha, vitumike katika vitabu vya kufundishia ufundi bila kuonewa haya, maana vinabeba nadharia sahihi.

(iii) Neno nguvu libaki kwa kazi inayofanyika kwa kila sekunde, kama lilivyo tayari katika nguvu farasi. Kwa msukumo wa mzunguko litumike kani ya mzungusho. Neno mvuto, ingawa lingefaa kwa kuwa limetoka gerejini, limekwisha kuchukuliwa na fizikia ya shule kwa maana ya mvuto wa dunia.

(iv) Neno kunoki libaki kwa maana ambayo mafundi wameipa, yaani kufa kwa beringi. Kwa mlipuko wa mchanganyiko usioungoja moto wa plagi, lipendekezwe mjilipuko, kutokana na kitenzi lipuka na kiambishi cha kujirejea, kwa sababu kiini cha jambo lenyewe ni kwamba mchanganyiko hujilipukia pasipo kuwashwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kueleza injini ya gari la mashindano tangu hatua nne za pistoni hadi turbo, na katika safari hiyo Kiswahili cha gereji kimekwama mahali pawili tu. Kukwama huko hakukutokana na upungufu wa maneno, bali na neno moja kubebeshwa mizigo miwili. Huo ni ugonjwa wa kawaida wa lugha zote zinazokua, na tiba yake ni kuutenganisha mzigo, si kumfukuza mchukuzi.

Linalobaki ni namna ya kuyafikisha mapendekezo kama haya kwa wahusika. Istilahi inayozaliwa katika jarida na kufia humo haimfai fundi aliye chini ya gari barabarani Tarakea, akiusikia mlio wa njugu ndani ya injini ya mteja. Inafaa wanaistilahi wamfuate huko alipo, wamsikilize kwanza, kisha ndipo wampe neno. Huenda wakakuta analo tayari.